Eda, Mbele ya Penrith

Pua yangu haina adabu. Watu wengine wakikumbuka ya zamani huanza na sura au sauti. Mimi huanza na chakula. Mwezi uliopita nilikuwa natoka kazini hapa Sydney, nimepanda feri kwa sababu treni zilikuwa kwenye matengenezo, nikashuka na kupita mbele ya jengo moja kando ya maji ambalo madirisha yake yamebandikwa karatasi za kahawia. Mlangoni pana tangazo la kupangisha. Humo ndani hapakuwa na jiko lililowashwa, nina hakika, lakini pua ikaniletea pweza wa nazi, ndimu na mdalasini, na juu yake udi. Nikasimama katikati ya njia mpaka kijana mmoja wa baiskeli akaniomba kwa upole nimpishe.

Ilikuwa hoteli. Nasema hoteli kama wanavyosema watu wetu wa Mombasa, yaani mahali pa kula, si pa kulala. Ilikuwa hoteli ya Kikrioli, ya vyakula vya baharini vya Shelisheli na Morisi, na ilikuwa ya watu wenye nazo. Vitambaa vyeupe mezani, glasi tatu kwa mtu mmoja, wahudumu wanaokuuliza hali yako na kusubiri jibu. Familia yetu ilikula pale mara moja tu. Nilikuwa mtoto wa miaka sita au saba, nimevalishwa gauni la Idi ambalo lilikuwa limeanza kunibana kwapani, na nilikwenda nikiwa na jambo moja tu moyoni: Mamkubwa asiondoke.

Mamkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu, na ni mtu mdogo. Nasema kimo. Akisimama karibu na Mama utadhani yeye ndiye aliyezaliwa nyuma, na mpaka leo viatu vyake tunavinunua upande wa watoto. Baba alikuwa akiendesha forklift ghalani, Mama akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na zamu zao zilipishana kiasi kwamba wakikutana jikoni walisalimiana kama wapangaji. Aliyenilea hasa ni Mamkubwa. Yeye ndiye aliyekuja kunichukua shuleni, akanibebea mkoba, akanilisha mbaazi za nazi na mahamri ya jana, akanisuka, akanikemea. Alisema nami Kiswahili kutwa, nami nikamjibu Kiingereza kutwa, na hakuna aliyeona ajabu. Wenzangu mliokulia huku mnaijua biashara hiyo. Masikio yetu yalikuwa ya Mombasa, ulimi wa mtaa wetu wa Guildford.

Hakujaaliwa mtoto wake mwenyewe. Jambo hilo nilikuwa nalijua kama nilivyojua rangi ya mlango wetu, bila kulifikiria.

Mumewe, Bamkubwa, alikuwa Mshelisheli. Hili lilinitatiza sana, maana nyumbani shelisheli ni lile tunda kubwa la kijani linalokaangwa kama viazi, na Mamkubwa alipenda kunichokoza. “Mimi niliolewa na shelisheli,” alikuwa akisema mumewe akiwapo, “tena shelisheli bichi.” Bamkubwa alikuwa baharia aliyeshuka Mombasa akiwa kijana, akamwona Mamkubwa, akasilimu, akaoa, na baada ya miaka mingi wakaletana hapa Sydney. Kiswahili chake kilikuwa kizuri isipokuwa herufi r, iliyomkwama kooni. Jikoni kwao mpishi alikuwa yeye, na Mamkubwa alikaa kwenye kiti akitoa maoni. Siku alipoona gazetini kwamba pamefunguliwa hoteli ya Kikrioli mjini, alimwambia, “Zuhura, tafuta viatu vyako vya harusini, nikupeleke ukaone chakula cha kwetu kinavyoharibiwa.” Ikawa Jumamosi ijayo, na Jumamosi ijayo tena.

Kisha wakahama. Walikuwa wanaishi mtaa wa nyuma yetu, wakapata nyumba yenye uwanja mbali kabisa huko magharibi, kwa sababu Bamkubwa alitaka kupanda mchaichai na mbirimbi, ingawa kila mtu alimwambia baridi ya huko mbirimbi hautaiweza. Maboksi hayajafunguliwa yote, Bamkubwa akaanguka uani, jembe mkononi. Moyo. Walimzika kesho yake. Nililia sana, na nilielewa kwamba amekufa na harudi. Hilo sikulikosea hata kidogo. Nililokosea ni lile lililofuata.

“Mbona Mamkubwa haji kunichukua?” nilimuuliza Mama. Maswali yangu nayaandika kwa Kiswahili, lakini yote yalitoka kwa Kiingereza.

“Hawezi, mwanangu. Amekaa eda.”

Nyinyi mnajua, na kama hamjui mama zenu wanajua: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda, miezi yake maalumu ya kutulia katika nyumba aliyokuwa akiishi na marehemu, hatoki ila kwa dharura, hajifukizi, hajipambi, mpaka muda utimie. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba sisi tunakaa Guildford, rafiki yake Mama anakaa Cabramatta, na Mjomba anakaa Melbourne. Mamkubwa alikuwa amehama, na nyumba yake mpya nilikuwa sijaambiwa iko mtaa gani. Sasa nikawa nimeambiwa. Amekaa Eda.

Niliupokea mtaa huo bila shida. Majina ya mitaa ya Sydney kwangu yote yalikuwa sauti tu, na Eda lilikuwa fupi, rahisi kuandika. Kila Jumapili tulikwenda huko. Tulipanda treni mpaka Penrith, tukashuka, tukapanda basi lililozunguka sana kwenye nyumba zilizofanana, zenye nyasi mbele na turubali juu ya gari. Nyuma ya nyumba ya Mamkubwa ilionekana milima, ya buluu kweli, na joto la huko lilikuwa la kukaanga mtu. Ndani ya treni, juu ya mlango, kulikuwa na ramani ya njia zote. Nilikuwa nimeshajua kusoma, kwa hiyo nilisimama kwenye kiti nikaitafuta Eda, kituo kwa kituo, mpaka Mama akanishika gauni akanikalisha. Haikuwamo. Nikaamua kituo chake hakijajengwa.

Ulikuwa mtaa mkali. Mamkubwa, ambaye mafuta yake ya uturi ulikuwa ukiyasikia kabla hajafika mlangoni, huko Eda hakunukia kitu isipokuwa sabuni. Hina ilikuwa imemtoka mikononi. Alivaa nguo nyeupe hiyo hiyo kila tukienda. Hata dukani hakwenda, jirani mmoja, mama wa Kikongo, ndiye aliyemletea maziwa na mkate na kumwambia mlangoni, “Bon courage, mama, Mungu iko.” Nikajaribu kuzielewa sheria za mtaa huo.

“Na wanaume wanakaa Eda?” nilimuuliza Mama siku moja akikoroga uji.

“Mwanamume hakai eda. Eda ni ya wanawake.”

“Na wewe utakaa Eda?”

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria. “Toba! We Tima, wanitakia nini? Mungu apishe mbali!”

Nikajua basi kwamba Mama anaipenda Guildford. Sikumlaumu.

Mimi mwenyewe Eda nilikuwa siipendi, kwa sababu ilikuwa imeninyang’anya Mamkubwa. Kengele ya shule ikilia sasa nilipelekwa pale wanapowekwa watoto ambao wazazi wao hawajatoka kazini, nikala biskuti za chumvi na kuchora farasi mpaka Mama aje na uchovu wake. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini, nimepigana na nani. Nilimkosa Mamkubwa mpaka tumbo likauma, na nilipomwambia Mama kwamba tumbo linauma, alinipa dawa ya tumbo.

Mawazo yangu kuhusu Eda yaligeuka siku Mjomba alipopiga simu. Mjomba ni kaka yao wote wawili, mkubwa kwao, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya barabara. Mama alikuwa anasugua sinki, simu ameiweka kwa sauti kubwa.

“Akitoka eda tu, naja kumchukua,” Mjomba alisema. “Mombasa nyumba iko, ndugu wako, chumba chake wamekipaka rangi. Huko porini atakaa na nani? Mume hana, mtoto hana.”

“Kaka, mwache amalize eda kwanza.”

“Nani amemgusa? Akiwa eda hagusiki. Akitoka, aenda kwao.”

Nikaacha kuchora. Ilikuwa wazi kabisa: Mamkubwa akikaa Eda, Mjomba hawezi kumgusa. Akitoka Eda, anapelekwa Mombasa, mahali ambapo hata ramani ya treni haiwezi kufika. Tangu siku hiyo nikaipenda Eda, na joto lake, na basi lake, na sheria zake za kutojipaka manukato. Jumapili iliyofuata nilimsogelea Mamkubwa kwenye kochi na kumuuliza kama anapenda kukaa huko.

“Nani apendaye kukaa eda, mwanangu?” alisema akinifunga kamba ya kiatu. “Ni amri ya Mungu tu. Lakini muda u karibu, nitatoka inshallah.”

Alilisema kwa kunifurahisha. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye hicho kiatu.

Siku ikafika. Mama alikuwa amemuuliza Mamkubwa apikiwe nini akitoka eda, biriani au pilau, na Mamkubwa akasema anataka apelekwe kwenye ile hoteli ya kina mume wake. Mjomba, aliyekuja na gari kutoka Melbourne, hakuamini masikio yake. “Mjane atoka eda aenda hotelini? Tangu lini?” Mamkubwa akamjibu kwamba tangu leo. Basi asubuhi wakaja wanawake wachache, wa Zanzibar na wa Tanga, wakasoma, wakamwogesha, wakamfukiza udi mpaka king’ora cha moshi kikalia, na jioni, jua bado likiwaka, tukaingia kwenye gari la Mjomba. Baba alikuwa zamu. Nilimwona Mjomba akitia sanduku la Mamkubwa kwenye buti, na hapo sikuhitaji kuelezwa na mtu. Mamkubwa alikuwa ametoka Eda.

Pale hotelini alikuwa mzuri, nawaambieni. Gauni la rangi ya zabibu, buibui jipya limeachwa wazi, hina mpya, na viatu vile vya harusini alivyoambiwa na Bamkubwa avitafute. Udi wake uliingia kabla yetu. Watu wa meza ya jirani waligeuka, wakatabasamu, mwanamke mmoja akavuta pumzi ndefu. Mimi nilikaa kati yake na Mama, nimeshika ukingo wa buibui lake chini ya meza ili akinyanyuka nijue.

Mhudumu alikuwa kijana mwenye masharubu na aproni ndefu. Akauliza tunataka maji gani, ya kawaida au yenye gesi.

“Ya kunawa,” Mamkubwa akasema kwa Kiswahili.

“Just normal, thank you,” Mama akasema haraka. Kisha akamvuta yule kijana karibu akaanza mambo yake. “No wine in the food, please. No pork. Not even a little bit, darling. Not even for the smell.”

Yule kijana akaenda jikoni kuuliza, akarudi, akaenda tena, na Mjomba akasema kwamba mpaka hapo angekuwa ameshakula na kulala. Mwishowe vikaja vipande vyembamba vya shelisheli vilivyokaangwa, vimesimamishwa ndani ya kikombe. Mamkubwa akakichukua kimoja, akakitazama, akakivunja kwa meno.

“Kakauka,” akasema. “Wangu hakuwa hivi.”

Mama akacheka, kisha akaogopa kwamba amecheka, kisha akamwona Mamkubwa naye midomo inamcheza, wakacheka wote wawili. Mjomba akasema astaghfirullah lakini akala nusu ya kikombe.

Halafu wakaleta pweza. Sahani kubwa kama sinia, na katikati yake kachakula kadogo, mchuzi wa manjano na mkono wa pweza uliojikunja. Mjomba akauliza kama hicho ni cha kuonja chumvi. Palikuwa na chatini ya papa pia, iliyotiwa ndimu mahali pa birimbi, na wali ambao Mama aliusifu kwa kuwa hakuwa na la kusema. Mamkubwa akasema bismillahi, akanawa kwa glasi yake ya maji juu ya kisahani cha mkate, akala kwa mkono. Akatafuna, akafumba macho. Sote tukangoja.

“Ametia gome la mdalasini,” akasema. “Kwao marehemu hutiwa majani. Majani mabichi, mawili, na huyatoa kabla hajaepua.” Akafumbua macho, yalikuwa mekundu. “Lakini pweza amemlainisha vizuri. Haya, na kuleni.”

Hata leo nikimla pweza mahali popote nalitafuta jani. Wakati ule lakini sikuonja kitu. Nilikuwa namwangalia Mjomba, na Mjomba alikuwa amekunja kitambaa chake.

“Zuhura,” akasema. “Umetoka eda salama, alhamdulillahi. Sasa tuseme ya mbele. Nimeshabook. Thursday. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka Mombasa.”

“Kaka, si ulisema utamuuliza first?” Mama akasema.

“Namuuliza. Si hivi namuuliza?” Akamgeukia Mamkubwa, akaishusha ile sauti yake mpaka ikawa ya mtu wa kawaida. “Mimi nasema kwa mapenzi. Huku wakaa na nani? Mume tumemzika. Mtoto huna. Ukiugua, hata mtu wa kukupa maji huna. Kule utakuwa na watu wako.”

Na ni kweli alisema kwa mapenzi. Sijamwona mtu anayewapenda dada zake kama Mjomba, ila mapenzi yake yana tabia ya kukata tiketi kabla ya kuuliza. Mamkubwa alikuwa anakusanya chembe za wali kwa ncha za vidole, moja moja, kuelekea katikati ya ile sahani kubwa.

“Sawa, Kaka,” akasema.

Hivyo tu. Sikuwahi kumsikia Mamkubwa akisema sawa bila kuongeza neno. Kwa Bamkubwa alikuwa akisema sawa lakini, kwa Mama sawa ila, kwangu sawa na ole wako. Sawa ile haikuwa na mkia. Miaka mingi baadaye Mama aliniambia kwamba alikuwa amekubali kwa dhati ya moyo: alijiona amekuwa mzigo, tena aliambiwa na watu kwamba mimi nimeshazoea huko kwenye biskuti na farasi, kwamba siulizi. Hakuna aliyemwambia habari za tumbo. Sasa nilimwona anaondoka mbele ya macho yangu, na nikajua nikisema Kiingereza Mama atanijibu nile chakula changu. Kwa hiyo nikasema Kiswahili. Sidhani nilikuwa nimewahi kukisema kwa sentensi nzima.

“Mamkubwa,” nikasema, kwa sauti iliyofika meza ya jirani, “rudi ukakae Eda.”

Mama aliangusha uma. Mjomba aliruka kama aliyemwagiwa chai. “Astaghfirullahil adhim! Mtoto gani huyu? Arudi eda? Aolewe tena, afiwe tena? Rukia, mwanao amesema nini?”

“Tima!” Mama akaninong’oneza, uso umemwiva. “Omba radhi. Omba radhi sasa hivi.”

Sikuomba. Nilikuwa naanza kulia, ile ya kukaza midomo. Mamkubwa hakukasirika. Aliufuta mkono wake, akanishika kidevu akanigeuza nimwangalie.

“Kwa nini nirudi eda, mwanangu?”

“Kwa sababu ukikaa Eda, Mjomba hawezi kukuchukua.” Kiswahili kilikuwa kinanitoka kwa kukwaruza. “Mimi naweza kuja na treni. Mimi najua njia.”

“Njia ya wapi?”

“Ya Eda.”

“Na Eda ni wapi?”

Nikamshangaa. Alikuwa ametoka huko saa zile zile. “Si mbele ya Penrith? Unashuka kwenye treni, halafu unapanda basi.”

Mama ndiye aliyefahamu kwanza; alijiziba mdomo kwa kitambaa cheupe na mabega yakaanza kumtikisika. Mamkubwa akajirudia kimoyomoyo, niliona midomo ikisema mbele ya Penrith, kisha akacheka. Hakucheka ile ya shelisheli. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka yule mhudumu akaja kuuliza kama kila kitu ni sawa, na katikati ya kucheka akawa analia, na hakuficha, alilia pale pale mbele ya wale watu wa glasi tatu tatu, na mimi ameniviringisha ndani ya buibui lake, pua yangu kwenye udi. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Nilikuwa na furaha vile vile, kwa sababu amenishika.

“Kaka,” akasema alipoweza. “Umeniambia mtoto sina.”

“Zuhura, mimi nilikuwa na maana…”

“Najua maana yako. Huyu ananiita nani?”

Mjomba akaangalia sahani yake.

“Tima, waniita nani?”

“Mamkubwa,” nikasema kutoka ndani ya buibui.

“Mama. Mkubwa.” Alilikata neno vipande viwili akamwekea Mjomba mezani. “Neno hili nimeitwa kila siku miaka yote, nami nimekaa hapa nasema sawa, sawa, kama mgeni. Sisafiri Alhamisi.”

Msidhani Mjomba alikubali pale pale. Alibishana mpaka kikaja kitindamlo cha ndizi na nazi, akabishana garini, akabishana siku mbili nzima kwenye sebule yetu ya Guildford. Alisema ndugu wa Mombasa atawaambia nini, na Mamkubwa akasema, “Waambie eda ya Australia ndefu.” Mjomba alitoka nje akazunguka gari lake mara kadhaa. Aliporudi alikuwa amefuta uso, na alimuuliza Mama kama yule mama wa Kikongo ana namba ya simu, ili awe anampigia kumuulizia dada yake. Akaondoka kwenda Melbourne peke yake, na sanduku la Mamkubwa likabaki kwenye ukumbi wetu mpaka mwenyewe aliporudi nalo nyumbani kwake.

Mimi niliambiwa maana ya eda, wakanieleza vizuri, na sikuwaamini mpaka nilipokuwa mkubwa kidogo. Aibu yake niliisikia baadaye, mnajua vile inavyokuja, usiku mmoja miaka kumi imeshapita unajifunika shuka usoni. Lakini hiyo wiki sikuwa na aibu yoyote. Nilikuwa nangoja Jumatatu.

Jumatatu kengele ililia. Sikwenda kwenye biskuti. Nilikwenda langoni, na alikuwa pale, amekuja kwa basi na treni kutoka kule kwake, ananukia uturi barabara nzima, mkoba wa mahamri mkononi. Langoni alikuwa amesimama mwalimu mgeni, aliyeanza muhula ule, mwanamke mrefu mwenye kofia pana ya jua. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mtoto anachukuliwa na mtu wake. Alituangalia sisi wawili, akainama kidogo kwa heshima.

“Hello! And you must be Auntie?”

Wote langoni walikuwa wakimwita hivyo, na mimi pia, kwa sababu Kiingereza hakikuwa na neno jingine la kunipa. Siku hiyo sikulitaka.

“She’s not my auntie, Miss,” nikasema. “She’s my mum. The big one.”

Mwalimu akamtazama Mamkubwa, aliyemfikia kwapani, akanitazama mimi, akamtazama tena. Hakujua acheke au asicheke. Mamkubwa hakuwa na Kiingereza kingi, lakini alichokuwa nacho alikuwa hakipotezi. Akaninyang’anya mkoba wa shule, akautia begani kwake, akajinyoosha mpaka mwisho wa kimo chake.

“Yes,” akasema. “Big one.”